Mkondo wa Meza ya Kilindoni

Tangu nirudi, kila mtu ananiuliza swali moja. Nimeulizwa kisimani, nimeulizwa kwenye mstari wa sukari, na wewe Zubeda umeniuliza kwa barua: tumesikia baba yako mdogo alishinda Dar es Salaam, sasa kwa nini meza yake imevunjwa?

Mnanijua nilivyo. Mbele ya watu watatu sauti yangu inakwama kooni. Nikianza kusimulia kwa mdomo nitasema "ndiyo, alishinda," halafu nitatazama miguu yangu. Kwa hiyo nimechukua daftari la jiografia lililobaki kurasa, na humu naandika yote. Shule ikifunguliwa mtalisoma zamu kwa zamu bwenini, mimi nikiwa nje nafua. Habari za vibali na tiketi nitaziruka, hazina utamu.

Kilindoni, kabla ya kuondoka

Kwa wale ambao hamjafika kwetu kisiwani: kuna jumba karibu na ufuo, ambalo Waingereza walilifanya klabu yao, na baada ya Uhuru likawa ukumbi wa mikutano. Ndani yake kulikuwa na meza ya snuka, ule mchezo wa kutumbukiza mipira kwa fimbo kwenye mifuko ya pembeni mwa meza, nayo ilikuwa kubwa kama chumba cha mtu. Waingereza walipoondoka hawakupata chombo cha kuibeba, maana chini ya kitambaa chake cha kijani kulikuwa na mabamba matano ya jiwe, kila moja linahitaji wanaume wanane.

Baba mdogo Shomari, mdogo wake marehemu baba, alikuwa marka pale ujanani. Marka ni yule anayesimama kando ya ubao wa hesabu, anapanga mipira, anawapa watu fimbo zao, na yeye mwenyewe haruhusiwi kucheza. Alijifunza mchana wa jua kali, mabwana wakiwa wamelala.

Mimi alinifundisha kuhesabu kabla sijaanza darasa la kwanza. Nilisimama juu ya sanduku la sabuni. Mwekundu moja, njano mbili, kijani tatu, mpaka mweusi ambao ni saba. Na ule mweupe, unaopigwa kwa fimbo ili upige mingine, ukiingia mfukoni ni kosa: nne kwa mwenzako. Alikuwa ananiita Karani, na mpaka leo hajaacha.

Sasa, jambo ambalo lazima mlijue ni hili. Meza ile ilikuwa imelala upande mmoja. Miguu ya upande wa bahari ilididimia mwaka baada ya mwaka, taratibu, hata hakuna aliyejua ilianza lini. Mpira ukienda polepole unapinda wenyewe kuelekea baharini. Sisi tuliuita mkondo. Mtu akikosa, tunamwambia amesahau mkondo. Mgeni akija kucheza, hata mimi nilimfunga. Na Baba mdogo, yeye alikuwa analenga vidole viwili upande wa minazi, kinyume na bahari, halafu anageuka kuchukua kahawa yake, na nyuma yake mkondo unauleta mpira nyumbani. Niliwahi kudhani hakuna kitu kizuri duniani kuliko kile.

Ikaja barua kutoka kwa Daktari Karim, aliyewahi kufanya kazi hospitali yetu na kufungwa na Baba mdogo kila Ijumaa jioni. Sasa yuko Dar es Salaam, na klabu yake ilikuwa inaandaa mashindano ya waalikwa wanane. Wawili kati yao ni wachezaji wa kulipwa kutoka nje, yaani mtu ambaye kazi yake ni snuka kama ya mwingine ilivyo ushonaji. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nikamsomea. Penye maneno "tunakualika wewe" alinirudisha mara tatu.

Lakini Mwenyekiti wetu naye alikuwa na lake. Shule ya msingi ilikuwa haina ubao hata mmoja. Mdogo wangu Bakari na wenzake waliandika ukutani kwa mkaa, na mvua ikivuja somo linatiririka. Mwenyekiti alikuwa ameyaona mabamba yale ya jiwe siku nyingi. Akasema mbele ya watu, na simlaumu, kwamba hatuwezi kuwa na mawe matano ya kuchezea na watoto mia wasio na pa kuandikia. Watu wakabishana mpaka adhuhuri. Mwisho akamgeukia Baba mdogo.

"Shomari, nenda Dar es Salaam. Ukimshinda hata mtu mmoja, meza ni yako mpaka ife yenyewe. Ukishindwa na wa kwanza, mawe yanakwenda shule, na wewe mwenyewe utashika upande mmoja tuyabebe."

Baba mdogo akakubali. Akamwomba mama anipe ruhusa niende naye, nimsomee maandishi ya Kiingereza huko. Alinunua kitambaa cha tanga, akaishonea fimbo yake ala, na ndani ya mfuko wa kanzu yake nyeupe ya Idi akaweka kipande cha chaki ya buluu, ile inayopakwa ncha ya fimbo isiteleze. Kilikuwa cha mwisho, amekitunza tangu enzi za Waingereza.

Kilindoni mpaka Kisiju

Tulitakiwa tuondoke alfajiri. Tuliondoka saa sita mchana, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa na mashua ya mota imekaa kwenye matope kama kuku anayeatamia. Abiria tulibebwa mabegani. Aliyenibeba mimi alikuwa mvuvi wa Kilwa anayepiga kambi kwetu kila mwaka, na njia nzima aliniuliza kama kule shule tunalishwa, maana mifupa yangu inamchoma shingo. Baba mdogo alikataa kubebwa. Alitembea mwenyewe, kanzu ameikunja kiunoni, fimbo ameinyanyua juu kwa mikono miwili, maji yakamfika kifuani, na watu ufuoni wakawa wanamwita jemadari.

Mashua ilikuwa imebeba mbata, nazi iliyokaushwa, na harufu ya mbata kwenye jua mnaijua. Mota ilizimika mara mbili. Mara ya pili nahodha aliitazama ile ala ndefu, akauliza kama humo mna kitu cha kuchokolea bomba. Baba mdogo aliikumbatia fimbo, mzee mzima, kama anaibiwa mtoto. Basi tukakaa tunayumba, tukala mkate wa mofa na ngisi wa kukaanga wa mama, na bibi mmoja aliyekaa na kuku wake wawili akatugawia viazi vitamu. Alitaka kujua tunampeleka nani hospitali. Nilipomwambia tunakwenda kucheza, aliniuliza tena kwa sauti kubwa, akidhani mimi ndiye nisiyesikia.

Hapo ndipo Baba mdogo alipoanza kusimulia ujana wake, jinsi alivyokuwa anaipiga pasi meza kila asubuhi kwa pasi ya mkaa ya uvuguvugu, na kitambaa kinalala kama majani ya mpunga. Nilizisikia hadithi zile mara nyingi nyumbani. Lakini mle kwenye mashua, mota ikiwa imezima na maji yanagonga ubavuni, nilizisikia kama mpya. Sasa hivi nikiandika, harufu ya mbata inanijia puani, na ningekubali kubebwa tena mabegani nikatukanwe mifupa yangu, ili mradi nirudi pale.

Kisiju

Kisiju hauingii mpaka maji yajae, kwa hiyo tukangoja nje ya mikoko, halafu tukafika na kuambiwa lori limeondoka jana. Lingine litakuja likija. Likaja baada ya siku mbili.

Tulikaa kwa Bi Mwanakombo, shangazi wa nahodha, mama mnene mkarimu ambaye hakutuuliza tutakaa lini wala tutaondoka lini. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa chukuchuku, na kila nikiinua mkono kutoka kwenye sahani ananiongezea. Siku ya pili, Baba mdogo alipokwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri na kikoi chake, yule mama aliiona kanzu ya Idi imeingia chumvi ya baharini. Akaamua kumfanyia wema. Akaifua. Na mfukoni akakuta kipande cha buluu.

Nanyi mnajua buluu ni nini kwa mtu anayefua nguo nyeupe: ni ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili weupe ung'ae.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilipotoka, kanzu ilikuwa kambani, ina mawingu. Mabega ya buluu, kifua cheupe, na mgongoni ramani ya nchi nisiyoijua. Bi Mwanakombo amesimama mbele yake, mikono kiunoni, hana raha.

"Mwambie baba yako buluu yake hii wamemuuzia mbovu," akaniambia. "Nimeisugua yote imalizike, haiyeyuki."

Ningepaswa kumweleza. Nilirudi jikoni kukuna nazi. Baba mdogo aliporudi aliitazama kanzu, akaitazama kamba, akamwangalia yule mama aliyekuwa anasubiri kushukuriwa. Akamshukuru. Akasema tangu mkewe afariki hajafuliwa nguo na mtu mwingine. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata nikidhani analia, nikamkuta anacheka amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Kisiju mpaka Dar es Salaam

Lori lilikuwa la korosho. Tulikaa juu ya magunia, na kila shimo la barabara tulilihesabu kwa mifupa. Sehemu fulani, sitaitaja, kulikuwa na kizuizi cha mgambo, mti umelazwa juu ya mapipa mawili. Kijana wa mgambo akaiona ile ala.

"Ndugu, hiyo silaha ya nini?"

"Fimbo ya snuka," akajibu Baba mdogo.

"Snuka ndio kabila gani?"

Watu juu ya lori wakaangua kicheko, na mgambo akaona anachekwa yeye. Akatushusha wote. Baba mdogo akaeleza kwa upole, lakini mambo ya mipira na mifuko mbele ya kizuizi hayaeleweki. Mwisho akaomba machungwa mawili kwa mwanamke aliyekuwa anauza kando ya njia. Akayaweka chini. Akaonyesha kishimo hatua nne mbele, palipokuwa na kigingi zamani. Akachuchumaa, akaitazama ardhi muda mrefu, akamuuliza mgambo mvua ikinyesha hapa maji yanaelekea wapi. Kijana akaonyesha kwa kidole. Basi Baba mdogo akalenga mahali ambapo hakuna kitu kabisa, kushoto, watu wakaanza kumcheka. Akapiga chungwa la kwanza, likagonga la pili, la pili likaenda kushoto, likafikiri, likapinda, likatumbukia kishimoni.

Mgambo akaweka bunduki yake begani vizuri akasema, "Nipe nijaribu."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Dereva alilalamika mpaka naye akapewa zamu. Tulipoondoka yale machungwa yalikuwa yamepasuka yote, tumeyala, na yule kijana alikuwa amekata mti anajitengenezea fimbo yake. Sijui kama bado anacheza. Huwa najiuliza.

Dar es Salaam, klabuni

Daktari Karim alitupokea nyumbani kwake, na mkewe alisikitika sana kuhusu kanzu. Alitaka kuichemsha, Baba mdogo akakataa. Alisema imefuliwa kwa mapenzi, ataivaa hivyohivyo.

Siku ya mashindano, Daktari alitutangulia ndani kusalimiana na watu. Nilimgeukia Baba mdogo tupande ngazi za mbele, sikumwona. Nikamkuta amekwisha zunguka nyuma, yuko kwenye mlango wa jikoni, anavua viatu. Hakuna aliyemwambia apite huko. Miguu yake ilikuwa inajua njia ya marka, ikampeleka. Wapishi walimpa chai wakidhani ni mtumishi mpya. Daktari alipotokea kumtafuta, akamshika mkono, akamwingiza ukumbini kupitia katikati, mbele ya watu wenye tai na makoti, yeye na kanzu yake yenye mawingu.

Aliiamkia meza kwa mkono, akaipapasa ukingoni. Halafu akauliza swali.

"Bahari iko upande gani?"

Watu wakacheka kwa wema, wakidhani mtu wa kisiwani ametamani kwao. Daktari akamwonyesha madirisha ya kulia. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa na mke wa Daktari, nimepewa sahani ya mikate myeupe iliyokatwa pembetatu, nafungua ndani natafuta samaki, nakuta tango. Lile swali lilinipita tu sikioni.

Mpinzani wake alikuwa mgeni wa Nairobi, mmoja wa wale wawili wa kulipwa, amevaa kizibao cheusi na tai ya kipepeo. Mtu mpole. Atakayetangulia kushinda raundi tatu ndiye mshindi.

Raundi ya kwanza Baba mdogo hakufika popote. Mpira mwekundu uliokaa mbele ya mfuko kama mtu anayepiga hodi, akaukosa. Mwingine akaukosa. Alikuwa anaukosa kwa kidogo, vidole viwili tu, na kila akikosa anautazama mpira kama umemsaliti. Yule mgeni akaokota mipira yake taratibu, moja, saba, moja, saba, na mimi nikahesabu kwa midomo kama nilivyozoea.

Nilihesabu na makosa pia. Na katikati ya raundi ile nikaona. Makosa yote yalikuwa upande mmoja. Pale hapakuwa na mnazi hata mmoja, lakini moyoni niliuita upande wa minazi.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliona, na sikusema. Raundi nzima ya pili nilikaa na sahani yangu ya matango, namwona anazama. Ukumbi ule ulikuwa kimya, viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, vya kuazima, vinalia, na kati yangu na yeye kulikuwa na wanaume arobaini. Niliogopa. Lakini pia nilimfikiria Bakari na vidole vyake vyeusi vya mkaa. Akishindwa, Bakari anapata ubao. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonibakiza kitini.

Akashindwa ya pili. Ikawa mbili kwa sifuri. Kukawa na mapumziko mafupi, naye akaja kukaa karibu nasi, akajifuta uso, akanitabasamia.

"Karani, nadhani shule yenu imepata ubao," akasema, bila uchungu wowote.

Kama angenung'unika ningenyamaza. Lile tabasamu ndilo lililonivunja. Nikanyanyuka nikamletea maji, na viatu vikalia njia nzima, na watu wakageuka.

"Baba mdogo, hapa hakuna mkondo."

"Umesemaje?"

"Umekosa mara kumi na moja. Zote upande wa minazi. Meza hii bahari haiivuti."

Akashika bilauri bila kunywa. Akaitazama meza, akayatazama madirisha, akaitazama meza tena.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu raundi ya kwanza."

Hakuniuliza kwa nini sikusema. Akanywa maji yote, akanirudishia bilauri, akaenda kumwomba yule mgeni chaki. Mgeni akampa kipande chake mwenyewe.

Mpira wake wa kwanza raundi ya tatu aliupiga kama mtu anayeshuka ngazi gizani, hajui kama kuna ngazi. Alilenga mfukoni, mfukoni penyewe, na ukaingia. Akasimama wima. Akapiga wa pili, ukaingia. Basi kuanzia hapo sikuweza kukaa. Akachukua ya tatu. Akachukua ya nne. Wapishi wakatoka jikoni wakasimama mlangoni na aproni zao, na raundi ya tano ilipobaki mpira mweusi peke yake, mmoja wao akapiga makofi mapema akanyamazishwa. Mweusi ulikuwa mbali, meza nzima. Baba mdogo hakutazama dirishani hata kidogo. Akaupiga ukanyooka, sijawahi kuona kitu kilichonyooka vile, ukaanguka mfukoni, na yule mgeni wa Nairobi akawa wa kwanza kumkumbatia, akatoka na buluu kwenye kizibao.

Mechi iliyofuata alifungwa upesi na mwingine wa kulipwa, wala hakujali. Meza ya Kilindoni ilikuwa imeokoka.

Lakini watu walipokuwa wanaaga, nilimkuta peke yake ukumbini. Ameweka mpira mweupe katikati ya meza na kuuachia. Mpira ulikuwa umetulia.

"Umekaa," akaniambia. "Hata ya kwetu ilikuwa hivi zamani, Karani. Nilisahau. Meza ilipinda na mkono wangu ukapinda nayo, nami nikadhani ndio ufundi."

Daktari alimuuliza anataka zawadi gani arudi nayo. Tulitegemea aseme kitambaa kipya, au chaki. Akaomba pima maji, ile ya waashi, yenye kitone cha hewa ndani ya kioo.

Kurudi

Daktari alitupandisha ndege ndogo. Siku nne za kwenda zikawa kurudi kwa muda ambao maharage hayajaiva. Sikupenda. Hakuna aliyetuuliza chochote, hakuna aliyetupa kiazi. Baba mdogo alikaa na pima maji mapajani safari nzima, anakitazama kitone, na ndege ilipogeuka juu ya Kilindoni kitone kikakimbilia pembeni, naye akaguna kama ameumizwa.

Kilindoni tena

Mwenyekiti alitupokea uwanjani mwenyewe. Alitimiza neno lake mbele ya watu wote: meza ni ya Shomari mpaka ife yenyewe. Tukapigiwa vigelegele. Kesho yake Baba mdogo akajaribu kucheza, akakosa kila mpira, sasa upande wa bahari. Vijana aliowafundisha mwenyewe wakamfunga, wakamwambia amesahau mkondo. Akasema mkondo basi, meza itanyooshwa.

Akamwita Fundi Salehe mwashi, na watu wanne, na magogo ya mkoko ya kuinulia. Mwenyekiti naye akavua shati akashika gogo. Baba mdogo akaweka pima maji juu ya kitambaa. Wakainua. Kitone kikaanza kusogea kutoka pembeni, kidogo kidogo, na sisi sote tumeinama tunakitazama kama tunatazama mwezi wa Idi. Baba mdogo anasema bado kidogo. Bado kidogo.

Kitone kilifika katikati. Nilikiona. Halafu tukasikia sauti.

Mchwa walikuwa wameimaliza fremu ya mbao kutoka ndani, miaka mingi. Meza ile ilikuwa imepata namna yake ya kukaa, kama mzee anayejua mwenyewe alalie ubavu upi. Sisi tukamnyoosha. Ikakatika katikati, miguu ikatawanyika, na mabamba matano ya jiwe yakateremka sakafuni moja baada ya jingine. Halikuvunjika hata moja.

Baba mdogo alikuwa bado ameinyoosha mikono, ameishika pima maji hewani. Mwenyekiti hakufurahi, naandika hili kwa sababu kuna wanaosema alifurahi. Alikaa juu ya gogo, akasema ataomba mbao, fremu itengenezwe upya.

"Mwenyekiti," akasema Baba mdogo, "si tulikubaliana mpaka ife yenyewe? Imekufa. Twende, mimi nashika upande huu."

Nilikimbilia nyuma ya jumba nikalia. Alikuja baadaye, mabega yamechubuka kwa jiwe. Nikamwambia yote, hata lile la Bakari, na kwamba kama nisingefungua mdomo kule asingeijua meza iliyonyooka na hii ingekuwa hai. Akakaa chini kando yangu.

"Ungenyamaza ningeshindwa, na mawe yangekwenda shule," akasema. "Umesema nikashinda, na mawe yamekwenda shule. Tofauti ni kwamba nimeyapeleka mwenyewe."

Basi hilo ndilo jibu, Zubeda.

Jiwe la darasa la Bakari ni lile la mwisho wa meza, lenye pembe mbili zilizokatwa kwa ajili ya mifuko. Fundi Salehe alilisimamisha ukutani, zile pembe zikiwa chini, na mbele yake akajenga ukingo mdogo wa saruji wa kuwekea chaki. Alikuwa ameleta ile pima maji. Baba mdogo akamzuia mkono, akamwambia auteremshe ule ukingo vidole viwili upande wa bahari. Mwalimu akacheka, lakini akaacha.

Jana nilipita pale na Baba mdogo tukienda kununua muhogo. Tukasimama dirishani. Mwalimu alimaliza kuandika hesabu, akaweka chaki nyeupe juu ya ukingo bila kuangalia. Ikaanza kubingirika taratibu. Watoto wakaacha kuandika. Ikafika mwisho, ikatumbukia kwenye pembe iliyokatwa, na darasa zima, watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuiona meza, wakasema kwa sauti ya chini kama wanaitikia dua: "Mkondo."

Baba mdogo akainama sikioni kwangu.

"Mweupe umeingia, Karani. Andika nne kwao."

Nimeandika.